Binti Anamaliza Uuguzi: Aanze Kazi Wapi?

Kuna wakati katika chuo cha uuguzi ambapo mazungumzo ya bwenini hubadilika. Mwaka wa kwanza mabinti huzungumzia mifupa ya mwili na ukali wa walimu. Mwaka wa pili huzungumzia zamu. Mwaka wa tatu ukianza, kila mmoja anauliza jambo moja: baada ya mtihani wa mwisho, kazi wapi? Na swali hilo halibaki bwenini. Huja nyumbani wakati wa likizo, na mara nyingi mama ndiye anayeulizwa kwanza.

Wengi wetu tulio na umri wa kutosha tunakumbuka ilivyokuwa zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana aliyemaliza chuo cha uuguzi hapa Tanzania alingoja barua ya serikali ya kumpangia kituo. Barua ikifika alifunga sanduku lake, akaaga, akapanda basi. Kisha serikali ikasimamisha ajira mpya kwa sababu ya kubana matumizi, na mazoea yale yakakatika. Siku hizi nafasi za serikali hutangazwa na kuombwa kwa mtandao, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Aprili 2023, Ofisi ya Rais TAMISEMI ilitangaza nafasi 21,200, na kati ya hizo 8,070 zilikuwa za kada zote za afya pamoja, yaani madaktari, wauguzi, wafamasia, watu wa maabara na wengine. Binti wa leo hawezi kukaa tu akingoja basi.

Ndiyo maana nafasi nyingine huja mapema, mwanafunzi akiwa bado chuoni. Muuguzi mkuu wa hospitali anakofanyia mazoezi humwona anavyoshika kazi, akamwita pembeni. Mjomba ana rafiki katika hospitali ya mjini. Dayosisi inatafuta vijana wa kuwasomesha mwaka wa mwisho. Ni neema, na ni mtihani pia.

Mama mmoja, msomaji wetu wa Mkoa wa Njombe, ametuandikia kuhusu binti yake aliye mwaka wa tatu wa stashahada katika chuo cha misheni. Binti ana nafasi tatu mkononi, na zote zimekuja kabla hajavua sare ya uanafunzi. Ya kwanza ni ya hospitali ile ile anakosomea. Wako tayari kumlipia ada yote iliyobaki, naye asaini kwamba atawafanyia kazi miaka mitatu. Ya pili ni hospitali binafsi ya Dar es Salaam, ambako shangazi yake anafahamiana na mhasibu. Mshahara wake ni mkubwa zaidi, na wanamtaka aripoti mara tu akipata leseni. Ya tatu si ajira hasa: hospitali ya wilaya ya kwao itampokea ajitolee kwa posho ndogo huku akisubiri tangazo la serikali. Baba anataka Dar es Salaam, kwa sababu wadogo wawili wako sekondari na viazi mwaka huu havikutoa kitu. Bibi anataka wilayani, mjukuu awe karibu. Binti mwenyewe amenyamaza. "Nimwambie nini?" anauliza mama huyu.

Hatuwezi kumchagulia binti ambaye hatujamwona. Lakini maoni tunayo, na kwa kuwa tunajua nyumba nyingine nyingi zina mazungumzo kama haya, tunamjibu mama mwenzetu hapa, wote wasome.

Swali la usiku

Jambo la kwanza ambalo tungependa binti aulize, tena kabla ya mshahara, ni hili: usiku nitakuwa na nani?

Sisi tuliojifungulia hospitalini tunajua usiku wa wodi ya wazazi ulivyo. Mchana kuna daktari, kuna muuguzi mkuu, kuna wanafunzi, kuna ndugu waliokuja na chupa za uji. Saa nane za usiku kuna muuguzi mmoja na taa. Mama amejifungua salama, mtoto amelia, kondo limetoka, watu wanashukuru. Kisha damu inaanza kutoka na haikomi. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wazazi, na hatari yake ni kubwa zaidi katika saa chache za kwanza. Muuguzi aliyefundishwa anajua la kufanya: sindano ya oksitosini ya uniti 10 mara mtoto anapozaliwa, kukanda tumbo ili mji wa mimba ukaze, kuangalia kama kondo limetoka lote, kutundika dripu, kuita msaada. Yote hayo binti ameyaandika katika mtihani, na ameyafanya mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Kuyafanya kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, damu ikidondoka mpaka kwenye viatu vyake, ni jambo jingine kabisa. Anahitaji mtu wa kumwita, na mtu huyo awe karibu kiasi cha kusikia sauti.

Wakunga wa Waebrania tunaosoma habari zao katika kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua, walikuwa wawili. Pengine mwandishi hakukusudia kutufundisha kupanga zamu, lakini sisi tumelifurahia.

Muuguzi mpya bado anajifunza. Leseni inasema anaruhusiwa kufanya kazi, haisemi kwamba mikono yake imeshazoea. Miaka miwili ya kwanza ndiyo inayomfanya awe nesi wa namna fulani kwa maisha yake yote. Akiwa chini ya muuguzi mzee anayejua kazi na asiyechoka kuelekeza, atajifunza kuona mgonjwa anabadilika hata kabla kipimo hakijasema. Akiachwa peke yake mapema mno, atajifunza woga, au, jambo baya zaidi, atajifunza kuzoea. Nani kati yetu hajakutana na nesi wa namna hiyo, anayejibu bila kuinua uso? Huenda naye alianza na moyo mwema, akaachiwa wodi ya wagonjwa arobaini akiwa na miezi mitatu kazini.

Hapa ukubwa wa hospitali si jibu peke yake. Hospitali kubwa za rufaa kama Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi, ambazo zote mbili zilifunguliwa mwaka 1971, zina madaktari bingwa na wauguzi wakongwe. Muuguzi mpya huko ana watu wa kuwauliza. Lakini pia anaweza kuwekwa katika wodi moja, akakaa humo muda mrefu, na ustadi wa kuzalisha alioupata chuoni ukaanza kumtoka. Hospitali za misheni zilizo mbali na miji, kama Haydom wilayani Mbulu iliyoanza mwaka 1955, au Peramiho na Ndanda kule kusini, zimejulikana kwa kumzungusha muuguzi: mwezi huu watoto, mwezi ujao upasuaji, mwezi mwingine wazazi. Huko atajifunza mengi kwa haraka. Zahanati ndogo ya kijijini nayo itamfundisha, lakini mara nyingi huko mwalimu hayupo. Kama binti ana chaguo, kwa maoni yetu zahanati ingoje mpaka awe ameiva.

Asiridhike na maneno ya ofisini. Kama alifanya mazoezi katika hospitali hiyo, amekwisha kuuona usiku wake. Kama hakufanya, aende siku moja, aombe kuonana na wauguzi wenyewe wakati wa kubadilishana zamu, aulize bila haya. Wagonjwa wangapi kwa muuguzi mmoja usiku? Daktari wa zamu analala wapi, na huchukua muda gani kufika? Dereva wa gari la wagonjwa je? Damu ya kuongezewa mgonjwa ipo hapo hapo, au hufuatwa mjini? Na friji la dawa lina umeme usiku kucha? Swali la friji si dogo. Oksitosini hutakiwa kutunzwa kwenye baridi ya nyuzi kati ya 2 na 8, na ikipata joto kwa muda mrefu nguvu yake hupungua, hata kama chupa inaonekana nzima. Friji la dawa lililojaa maji ya kunywa ya wafanyakazi linaeleza mengi juu ya mahali hapo.

Mshahara na kinachobaki

Sasa tuje kwenye fedha, maana baba wa binti huyu naye ana hoja, na hatutaki kumfanya aonekane mtu wa tamaa. Ada ya sekondari haingoji.

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi ni zetu, hazitoki katika hospitali yoyote. Kila mama aweke za kwake. Tuseme Dar es Salaam wanatoa shilingi 700,000 kwa mwezi, na hospitali ya misheni inatoa 550,000 pamoja na chumba katika nyumba za wauguzi. Kwa masikio, Dar es Salaam imeshinda kwa 150,000.

Katika 700,000, mchango wa NSSF wa asilimia 10 ni 70,000, na kodi ya mapato ni kama 42,000. Zinabaki 588,000. Toa kodi ya chumba 120,000, nauli ya daladala 60,000, chakula, maji na umeme 200,000. Mkononi zinabaki 208,000. Katika 550,000 za misheni, mchango ni 55,000 na kodi kama 18,000, zinabaki 477,000. Chumba ni cha hospitali na kazini anakwenda kwa miguu. Tuseme chakula na mengineyo ni 160,000. Zinabaki 317,000. Mshahara mdogo umetuma nyumbani fedha nyingi zaidi. Kama binti alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, akumbuke pia makato ya asilimia 15 ya mshahara, ambayo humfuata popote.

Kuna jingine ambalo wazazi wa mikoani hulisahau. Mjini wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa chumba chetu cha mfano hiyo ni 720,000, na hutakiwa kabla hajapokea mshahara wa kwanza. Itatoka wapi? Itatoka kwa baba yule yule anayetarajia kutumiwa. Kama atakaa kwa shangazi, basi mama amwulize shangazi mapema, tena kwa upole, ni kwa muda gani, na kama anaelewa kwamba mgeni wake atakuwa akirudi asubuhi na kulala mchana, nyumba ikiwa kimya.

Lakini tusiisifu misheni bila kusema ukweli. Zipo hospitali za kanisa ambazo mshahara huchelewa, kwa kuwa zinategemea malipo ya wagonjwa na ya bima, na fedha hizo hazifiki kwa wakati. Njia ya kujua ni kuwauliza wauguzi: mshahara wa mwezi uliopita mlipata tarehe ngapi? Aulize pia nani hasa atakuwa mwajiri wake. Katika hospitali za kanisa zinazoshirikiana na serikali, nyingine zikiwa hospitali teule za wilaya, wauguzi wawili wanaweza kusimama kwenye kitanda kimoja, mmoja analipwa na serikali na mwingine na kanisa, na mishahara yao na kiinua mgongo chao havifanani. Mtumishi wa serikali huwa katika mfuko wa PSSSF, ambako yeye huchangia asilimia 5 na mwajiri 15. Aliyeajiriwa na sekta binafsi huwa NSSF, ambako kwa kawaida kila upande hutoa asilimia 10. Tofauti hiyo ni ndogo kwa mwezi, lakini ni kubwa kwa miaka thelathini.

Karatasi ya kusaini

Mkataba wa kusomeshwa ndio uliotusumbua zaidi katika barua ya mama huyu. Haujatushtua: makanisa yamesomesha wauguzi kwa njia hii siku nyingi, na bila hivyo mabinti wengi wa wakulima wasingevaa sare nyeupe. Kilichotusumbua ni kwamba binti ametakiwa kusaini wiki hiyo hiyo, na mama hajaiona karatasi yenyewe.

Aombe nakala, aende nayo nyumbani. Hospitali inayomheshimu itamruhusu. Kisha wakae mezani, yeye na wazazi wake, na kama kuna mwalimu au mchungaji aliyezoea kusoma mikataba naye aitwe, wasome neno kwa neno. Kiasi cha fedha kimeandikwa kwa tarakimu, au imeandikwa tu "ada na gharama nyingine"? Miaka mitatu inahesabiwa tangu lini: tangu amalize chuo, apate leseni, au aajiriwe? Hizi si tarehe moja. Muuguzi akimaliza chuo lazima afaulu mtihani wa usajili na kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na hapo katikati miezi hupita. Je, hospitali nayo imejifunga kumwajiri, au ni yeye tu aliyefungwa? Akiondoka baada ya miaka miwili, atadaiwa fedha yote au theluthi iliyobaki? Mkataba wa haki hupunguza deni kadiri anavyotumika. Serikali ikimwajiri je? Akiolewa na mtu wa mbali je? Akipata ujauzito, likizo ya uzazi inahesabiwa ndani ya miaka mitatu au inaongezwa mwishoni?

Vyeti vyake halisi abaki navyo mwenyewe. Mwajiri apewe nakala zilizothibitishwa. Kumekuwa na desturi ya waajiri wengine kufungia vyeti kabatini mpaka mkataba uishe, na muuguzi asiye na cheti mkononi hawezi hata kuhudhuria usaili mahali pengine.

Kuhusu kujitolea

Hospitali nyingi za wilaya sasa zina vijana wanaojitolea, na tunawashukuru, kwa sababu bila wao foleni zingekuwa ndefu zaidi. Kwa binti aliyekosa nafasi nyingine ni afadhali kuliko kukaa nyumbani na kusahau kazi. Ila awe na barua inayosema anajitolea kuanzia lini hadi lini, na awe na leseni. Aulize pia jambo ambalo vijana huona aibu kuliuliza: nikichomwa na sindano iliyotumika, itakuwaje? Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanzwa haraka, na kwa vyovyote kabla ya saa 72 kupita. Chanjo ya homa ya ini aina B, ambayo hutolewa mara tatu kwa miezi sita, ni vizuri awe ameanza tangu chuoni. Mwajiriwa ana mkataba wa kumtetea. Anayejitolea na aulize, na jibu liwe la maandishi.

Binti wa Njombe ana nafasi mbili za ajira. Kwake yeye, kujitolea tungekuweka mwisho, pamoja na heshima zote kwa bibi. Tangazo la serikali likitoka anaweza kuliomba akiwa kazini kokote, mradi masharti ya mkataba wake yawe wazi.

Mwanafunzi akiwa mama

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu si wazazi wa wanafunzi wa uuguzi. Ni wanafunzi wenyewe. Wameolewa, wana watoto, wamerudi chuoni wakiwa na miaka thelathini na kitu au arobaini, na wanabadilisha sare chooni ili waende kuchukua mtoto shule. Kwao hesabu ni nyingine.

Umri una uzito. Matangazo ya ajira za serikali kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 45. Mama atakayemaliza stashahada akiwa na 42 ana miaka michache tu ya kuomba. Huyu tungemshauri aombe serikalini kila tangazo linapotoka, hata kama amepata kazi nyingine nzuri, wala asiseme "mwakani." Ajue pia kwamba serikali inaweza kumpeleka wilaya asiyoijua, na uhamisho wa kumfuata mwenzi huombwa lakini haupatikani siku ile unapoombwa. Mazungumzo na mume yafanyike kabla ya kutuma maombi, si baada ya majina kutoka. Tumesikia nyumba zilizotikisika kwa sababu ya jina lililoonekana kwenye orodha, mume akiwa hajui kwamba mkewe aliomba.

Aijue na sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi. Mwajiri hapaswi kumpanga zamu ya usiku mwenye ujauzito katika miezi miwili ya mwisho, wala aliyejifungua katika miezi miwili ya kwanza. Na kila saa ya kazi ya usiku, yaani baada ya saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Hospitali inayosema "sisi hatuna mambo ya nyongeza ya usiku" na iulizwe vizuri kama inajua sheria inasemaje.

Kwa mama huyu swali letu la usiku lina upande wa pili: nani atakuwa na watoto? Dada wa kazi wa miaka kumi na sita si jibu la zamu saba za usiku mfululizo. Kama kuna hospitali mbili, moja ina jina kubwa na iko safari ya saa moja na nusu, nyingine ni ya kawaida na iko dakika kumi kutoka nyumbani, hatuoni haya kumwambia achukue ya dakika kumi. Huyu amekwisha kukomaa kwa mambo mengine, na muuguzi aliyelala saa tano ni salama kwa wagonjwa kuliko aliyelala mbili.

Tukirudi kwa mama wa Njombe

Tunajua mama huyu anaomba, na ametuambia kikundi chake cha sala kinaomba pamoja naye. Tunaungana nao. Tunamsihi jambo moja tu: asije akamwambia binti, "Mungu amenionyesha uende mahali fulani." Binti mwenye adabu hawezi kujibu neno kama hilo. Atakwenda, na akikutana na matatizo atashindwa hata kumwambia mama yake. Binti huyu amenyamaza. Kabla ya kumshauri, mama atafute nafasi, labda wakiwa wawili tu jikoni wakichambua mboga, amwulize ni wodi gani aliipenda katika mazoezi, na ni usiku gani aliogopa zaidi. Kisha anyamaze yeye.

Kama mkataba wa misheni utakuwa na haki katika mambo tuliyoyataja, na kama wauguzi wa pale watasema usiku hawaachwi peke yao, sisi tungeegemea huko. Anawajua walimu wake, wanamjua, ada inalipwa, na baba akiona hesabu ya kinachobaki huenda akatulia. Miaka mitatu akiwa na umri wa ishirini na mbili si kifungo. Kama mkataba umeandikwa ovyo nao wakakataa kuurekebisha, basi Dar es Salaam, kwa sharti kwamba aende kuiona hospitali hiyo kwanza, hata kama nauli ya basi itakopwa. Mhasibu anayefahamiana na shangazi hajui lolote kuhusu usiku wa wodini.

Achague lolote, zile nafasi mbili atakazoziacha aziandikie barua. Barua fupi, ya heshima: anashukuru kwa kufikiriwa, amepata nafasi mahali pengine, anawatakia heri katika huduma. Aandike ndani ya wiki moja, ili wampate mwingine anayengoja. Wauguzi wakuu wa mikoa yetu wanafahamiana, hukutana kwenye semina na kwenye sherehe za Siku ya Wauguzi kila tarehe 12 Mei, na majina ya mabinti waliotoweka bila kuaga hutajwa huko pamoja na chai. Mama asimwandikie barua hiyo. Amnunulie bahasha tu.